Kopo la Pili la Albumini

Kazi yangu ilikuwa kulisha seli sabuni. Msicheke, wanangu. Ninyi mliovaa koti jeupe juzi mkidhani mtaanza na mashine kubwa zenye skrini, wengi wenu mtaanzia pale nilipoanzia mimi: mbele ya mizani, na unga mweupe ambao ukiulowesha na kuufikicha unatoa povu. Asidi ya palmitiki ikishaungana na sodiamu ni sabuni, haina jina lingine. Imejaa kwenye mawese, imo kwenye samli, na mwili wenyewe unaitengeneza. Nimekaa na unga huo miaka ishirini na sita katika maabara moja ya Westmead, hapa Sydney, na kabla ya hapo niliosha vyupa na kupima damu hospitalini Tanga. Sasa nimestaafu, magoti yamesema basi, na ninataka kuwaeleza jambo ambalo siku ya kuniaga hakuna aliyelitaja.

Kwanza mwelewe kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaona kwa nini nilikosa usingizi.

Seli haiogopi mafuta. Ukiipa palmitiki inaipokea, inaifunga kwenye kibebeo, na sehemu kubwa inaipeleka kwenye kiwanda chake cha ndani kutengenezea utando. Utando ndio ngozi ya seli, na ndio kuta za vyumba vyake. Kila molekuli ya utando ina kichwa kinachopenda maji na miguu miwili ya mafuta, na habari yote iko kwenye miguu. Palmitiki ni mguu ulionyooka, umeshiba haidrojeni, haupindi popote. Ukipanga miguu iliyonyooka mitupu, inabanana kama kuni zilizopasuliwa vizuri, na utando unakuwa mgumu kama samli kwenye kopo mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe cha hapa. Kwa hiyo seli ina kimeng'enya chenye kazi ya kuupinda mguu. Kiwanda kinachukua mguu mmoja ulionyooka na mmoja uliopinda, kinaiweka pamoja, na utando unabaki laini. Ondoa kimeng'enya hicho, halafu ishindilie seli palmitiki, na kuta za ndani zinakakamaa. Kiwanda kinapiga kengele, na kengele ikilia mno bila jibu, seli inajiua. Siku moja inatosha.

Aliyenifundisha haya alikuwa mzee mmoja anaitwa Keith, aliyevaa kaptura kiangazi na kipupwe. Mwezi wangu wa kwanza nilimimina klorofomu, ambayo huyeyusha mafuta na plastiki pia, kwenye tyubu ya plastiki. Ikalainika mkononi mwangu, na karatasi ya majibu ikajaa plastiki badala ya mafuta. Keith hakunikaripia. Aliichukua tyubu ile iliyopindapinda akaitundika ukutani juu ya meza yangu, na ikakaa hapo mwaka mzima kila mgeni akiniuliza ni sanaa gani. Mwezi wa pili niliingia kazini na mafuta ya nazi hadi viwikoni, nimependeza kwelikweli, na sampuli yangu ya maji matupu ikatoa mafuta ya mnazi. Akaniuliza kwa upole kama ninapika humo ndani. Tangu siku hiyo ngozi yangu ilikauka saa za kazi na kulainika nyumbani.

Jambo kubwa alilonipa Keith ni mkono wa kulisha seli. Huwezi kuzimwagia sabuni hivihivi, itazichanachana. Lazima uifunge palmitiki kwenye albumini, protini ya damu ya ng'ombe ambayo kazi yake ni kubeba mafuta. Palmitiki inayeyushwa kwenye joto la nyuzi sabini. Albumini inangoja kwenye thelathini na saba. Unachanganya tone kwa tone, unazungusha chupa, na macho hayaondoki hapo. Ukiona ukungu, umeshachelewa, mwaga uanze upya. Usijidanganye kwamba ukungu utapotea. Kuna albumini ya aina mbili, na hili lishikeni. Moja imeoshwa mafuta yote, haina chake, inasubiri ya kwako. Nyingine ni ya kawaida, bado imebeba mafuta ya ng'ombe ilikotoka. Ile ya kawaida tuliitumia kwa shughuli nyingine, na makopo yake yalifanana na yale safi kama mapacha.

Keith alipoondoka, mimi ndiye niliyebaki na mkono huo. Watu walitoka ghorofa nyingine kuja kuniomba niwatengenezee. Walisema mikono ya Mwanaidi haikosei, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuamini.

Esperance alikuja kwetu nikiwa nimebakiza mwaka mmoja na ushee kustaafu. Mrundi, kazaliwa kambini Kigoma, kakulia Mount Druitt, magharibi ya jiji, na mama yake anahudumia wazee katika nyumba moja ya huko. Nami nakaa Mount Druitt, kwa hiyo treni yetu ilikuwa moja. Siku ya kwanza alinipokonya mkoba akaubeba yeye, akaniita Aunty, na hakunipita mlangoni hata siku moja bila kunisubiri nitangulie. Nilimpenda, nasema wazi. Wanangu wa kuzaa wakinisikia nikiongea Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza kutoka chumba cha pili.

Alikuwa mwaka wa kwanza wa udaktari wa falsafa, na mwaka ulimwendea vibaya. Wazo lake la awali lilikuwa limekufa. Helen, profesa wetu, alimpa seli za ini zilizoondolewa kile kimeng'enya cha kupinda, akamwambia azilishe palmitiki na kupima zinavyokufa. Mwisho wa mwaka angekaa mbele ya jopo, na jopo ndilo lingesema aendelee au arudi nyumbani. Hilo ndilo lililokuwa mezani: miaka yote ya mama yake, kutoka kambini hadi hapa, na watu watatu wenye kalamu.

Wiki aliyotaka kuanza, kopo la albumini safi lilikuwa limekaribia kuisha. Tulikuwa tumeagiza jingine na halijaja. Seli zake zilikuwa tayari, na seli hazikungoji. Sasa mjue nilikotoka. Tanga hatukumwambia daktari kwamba kitu kimeisha. Tulijazia, tuliongeza maji, tulipunguza hiki tukaongeza kile, kazi ikaenda na mgonjwa akapata majibu. Nilijivunia hilo maisha yangu yote, na niliwacheka wenzangu wa hapa wanaokwama kwa sababu ya boksi moja. Basi nikachukua kopo la pili, la kawaida, nikajazia. Sehemu mbili safi, sehemu moja ya kawaida. Nikajiambia protini ni protini. Kwenye daftari niliandika albumini, basi. Nilijua ninachofanya, wanangu, msinitetee.

Nikampa Esperance chupa. Akazilisha seli zake. Kesho yake ziko hai.

Akarudia. Ziko hai. Akarudia mara ya tatu kutoka kwenye chupa ileile, na seli zimetandaa chini ya sahani zimenona, hazina habari. Zile za kulinganishia, zilizopewa albumini bila palmitiki, nazo zilikuwa salama kama ilivyotakiwa. Helen alikuja kutazama darubini mwenyewe, akainuka na macho yanang'aa. Akasema seli hizi lazima zina njia nyingine ya kupinda mafuta, njia ambayo hatuijui. Jioni ile kwenye treni Esperance alitazama dirishani hadi stesheni ya Blacktown. Kisha akasema, "Aunty, nafikiri Mungu ameona mama yangu." Nami nikasema amina.

Jumatatu ya wiki ya jopo, karatasi ya uchambuzi wa tando za seli zake ilirudi. Helen aliipitia akafurahi, kwa sababu miguu iliyopinda ilikuwa mingi kuliko ilivyotarajiwa. Akaniachia mezani niifaili. Mimi nina tabia ya kusoma kila safu hadi chini, ni ushamba wangu. Chini kabisa palikuwa na mafuta yenye mipindo miwili, asidi ya linoleiki. Katika seli zilizokula chupa yangu ilikuwa imepanda. Katika zile za kulinganishia haikupanda.

Seli yetu sisi watu inaweza kupinda mguu mara moja, lakini ile mipindo miwili ya linoleiki haiwezi kuitengeneza, iwe na kimeng'enya kile au isiwe nacho. Linoleiki huletwa na chakula. Ng'ombe huipata kwenye majani yake, na damu yake inaibeba. Chupa ya kulinganishia nilikuwa nimeitengeneza mwezi mmoja nyuma, kutoka kopo safi. Kwa hiyo hapakuwa na njia mpya wala muujiza. Ng'ombe fulani alikuwa amezipelekea seli za Esperance miguu iliyopinda, na mpagazi wake alikuwa mimi.

Jumatatu sikusema. Nilikaa naye kwenye treni, akinisomea sentensi za kufungulia maelezo yake, na nilimrekebisha matamshi. Nawaambia hili mlijue: nilikaa dakika zote zile nikimrekebisha matamshi. Nilikuwa nahesabu mambo mengine kichwani. Nimebakiza miezi mitatu. Nikisema, watauliza chupa nyingine zote nilizotengeneza. Na labda njia mpya ipo kweli, nani ajuaye. Uongo una maneno mazuri sana ukiwa unaongea nafsini mwako.

Jumanne asubuhi nikajikaza kisabuni, nikamfuata kwenye chumba cha seli, nikafunga mlango.

"Esperance, zile seli hazikupona zenyewe. Mimi ndiye niliyezilisha vibaya."

Nikamweleza makopo, kiasi, na linoleiki. Alikuwa ameshika sahani. Aliiweka chini taratibu, akavua glavu moja, akabaki na nyingine.

"Nilikuona, Aunty," akasema.

"Uliniona nini?"

"Siku ile ulikuwa unapima. Niliona makopo iko mawili. Nikasoma ile label ya pili. Nilitaka kuuliza, kabisa nilitaka." Akatazama sakafu. "Lakini wewe ni mkubwa. Nikasema Aunty anajua, mimi nani nimuulize."

Nilipandwa na hasira, na hasira ya kwanza ilikuwa juu yake. Nilitaka kumwambia mtoto wewe, ulisoma maandishi, ukanyamaza, mwaka wako wote umekaa juu ya maandishi yale. Kisha nikakumbuka mkoba wangu begani mwake kila asubuhi, na nilivyokuwa nikiufurahia. Hasira ikageuka ikanirudia.

"Sasa tufanye nini?" akauliza. "Panel iko Friday. Hii ndiyo whole project yangu. Nikienda pale bila hii, sina kitu. Na nikienda na hii..."

Nilimwona akiiangalia ile njia, ya kwenda nayo hivyohivyo na kunyamaza. Mimi nilikuwa nimeshinda nayo siku nzima, naijua sura yake. Akavaa glavu upya.

"Kopo mpya imefika?"

"Imefika jana."

"Basi tunarudia. Leo."

Hesabu ya muda ilikuwa hivi. Kutengeneza chupa mpya Jumanne, kulisha Jumatano asubuhi, kutazama Alhamisi asubuhi, jopo Ijumaa saa nne. Hapakuwa na nafasi ya ukungu hata mmoja. Nilimwambia atengeneze yeye, mimi nitasimama kando. Mikono yangu sikuiamini tena. Akaanza. Tone, zungusha, tone, zungusha. Katikati chupa ikaanza kufifia pembeni, weupe mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Alitazama kipimajoto. Albumini ilikuwa imeshuka hadi thelathini na moja, mashine ya maji ya kuipashia ilikuwa imezimika bila sisi kujua. Akamwaga. Sikuwahi kuona mtu akimwaga kitu anachokihitaji kiasi kile bila kusita. Akaanza tena, na mara ya pili ikabaki safi kama maji ya kunywa.

Alitengeneza chupa mbili. Moja ya albumini safi tupu, na ya pili alinifanya nimwambie kwa gramu kile nilichokifanya siku ile, akakirudia vilevile, kopo la kawaida ndani yake. "Nataka kuona kosa nayo inafanya nini," akasema. Hapo nikajua ni mwanasayansi, jopo liseme litakavyosema.

Alhamisi asubuhi tuliingia kabla ya wengine. Alitoa sahani ya kwanza kwenye kabati la joto, ile ya chupa iliyojaziwa, akaweka chini ya darubini. Seli hai, zimetandaa. Akaweka ya pili. Alitazama muda mrefu, kisha akanipisha. Zilikuwa za mviringo, zimeachia sakafu, zinaelea. Zilikuwa zimekufa zote kama kitabu kinavyosema. Matumaini yake yote yalikuwa yanaelea pale, na yeye akaandika saa kwenye daftari, akaandika na nambari ya kopo.

Tulikwenda kwa Helen pamoja. Esperance alisema albumini ya mara ya kwanza haikuwa safi, akaweka picha mbili mezani. Helen akajipangusa uso kwa viganja, akasema, "Basi kesho waonyeshe zote mbili." Hakuuliza nani aliyeitengeneza. Alidhani ni Esperance, kwa sababu wanafunzi wengi hutengeneza wenyewe. Nilikuwa nimesimama pale. Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa na mimi niliupita.

Ijumaa niliruhusiwa kukaa nyuma ya chumba. Esperance alieleza vizuri, kwa Kiingereza kisichoyumba, picha kwa picha: hivi ndivyo nilivyodhani, hivi ndivyo ilivyo. Mmoja wa jopo akamuuliza ni nani aliyeandaa ule mchanganyiko wa kwanza. Niliona mabega yake yakipanda. Hakugeuka kunitazama.

"It's my experiment," akasema. "I should have checked."

Yule mtu akaandika kitu. Akasema mwanafunzi asiyehakiki anachozilisha seli zake ana tatizo kubwa kuliko tatizo la albumini. Mwenyekiti akashukuru, akatuomba sote tutoke ili wajadili. Niliinuka pamoja na wengine, nikatoka.

Kwenye ukumbi Esperance alikuwa ameegemea ukuta. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Siwezi kukutaja mbele ya watu, Aunty. Nyumbani wangesema nimelelewa wapi." Alikuwa anasema polepole, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniua. "Nilifikiri utasimama."

Wanangu, nimeaibika mara nyingi katika maisha, lakini zile nyingine zote zilikuwa za kuchekwa. Nilirudi mlangoni nikagonga. Mwenyekiti akafungua, akakunja uso, akasema wako kwenye majadiliano. Nikamwambia ninachosema ni cha majadiliano hayo. Nikaingia. Akanivutia kiti, nikakataa. Nikataja jina langu, nikasema chupa ile niliichanganya mimi, nikasema makopo yalikuwa mawili na daftarini nimeandika moja, nikasema nililigundua Jumatatu na nikanyamaza hadi Jumanne, na kwamba dakika chache zilizopita nimenyamaza tena. Yule mwenye kalamu akaniuliza kama mwanafunzi alijua.

"Aliona kopo la pili," nikamjibu. "Hakuniuliza kwa sababu kwetu mtoto hamhoji mkubwa. Sisi wakubwa ndio tuliomfundisha hivyo, na tunapenda."

Walimpa Esperance miezi sita arudie kila kitu, kisha wakamwacha aendelee. Mimi nilipewa barua ya onyo, na kila nilichokuwa nimetengeneza mwaka ule kilipimwa upya, sampuli kwa sampuli, nikiwa nimekaa palepale natazama wenzangu wakipoteza siku zao. Helen hakunisemesha wiki mbili. Alikuwa na haki.

Jumatatu iliyofuata jopo lile nilikuwa napima chumvi ya bafa, yale maji ya kuoshea seli, kazi ambayo hata ninyi mtapewa siku ya kwanza. Maabara imejaa watu. Esperance akaja akasimama ubavuni pangu, mkono wake mmoja mfukoni, na mkoba wangu siku hiyo nilikuwa nimeubeba mwenyewe.

"Aunty," akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Hiyo chumvi umepima mara ngapi?"

Sitawadanganya, iliniuma. Nikageuka kumtazama, na maneno ya kumshusha yalikuwa tayari, nimeyarithi kwa mama yangu na bibi yangu. Alikuwa ameshtuka mwenyewe kwa alichokisema, lakini hakuondoka.

Nikaimwaga, nikaipima tena.